Mofini kwenye nyumba yenye mraibu: uchambuzi wa kisa kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kisa hiki kinamhusu mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwishasambaa, na kijana wake aliyekuwa ametekwa na tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini. Wote wawili waliishi chini ya paa moja, na hilo ndilo lililowatia wahudumu wa afya kigugumizi. Utampaje mama mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, aende nayo nyumbani wakati unajua pale yupo mtu anayezihangaikia dawa za jamii hiyo usiku na mchana? Ninakiandika kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wafamasia wenzangu, hasa wa vituo vya afya na hospitali za wilaya. Swali hilo litawafikia wengi wenu, na jibu linalotoka haraka mdomoni, yaani kumnyima mgonjwa, ndilo baya kuliko yote.

Majina nimeyaacha. Umri, kijiji na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Familia iliridhia kisa kitumike kufundishia.

Usuli: mama

Nitamwita Mama T. Ni mkulima wa viazi na mahindi katika ukanda wa misonobari mkoani Iringa, umri wake hamsini na kidogo. Ameishi na VVU miaka mingi, anameza dawa zake bila kukosa, na vipimo vya mwisho havikuonyesha virusi kwenye damu. Kwa mikoa yetu hilo si jambo la kushangaza: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa iliyoongoza nchini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye nayo. Kwa hiyo anayefanya kazi ya tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, Iringa, Njombe au Mbeya ajiandae kukutana na akina Mama T wengi.

Saratani yake iligunduliwa ikiwa imeshafika kwenye ukuta wa nyonga. Alikwenda Dar es Salaam, akapata mionzi, damu ikakata, akarudi shambani. Alipata karibu mwaka mmoja wa nafuu. Kisha maumivu yakaanza tena, kiunoni na kushuka mguu wa kushoto. Kwa maelezo yake ni kama moto unaopita ndani ya mfupa, na usiku unazidi.

Usuli: kijana

Kijana wake, Z, alikuwa mpakiaji wa magogo. Miaka kama miwili kabla ya kisa hiki gogo lilimwangukia mguuni, muundi ukavunjika. Alitibiwa vizuri, mfupa ukaunga. Alipotoka hospitali alipewa tramadoli za wiki chache, na hapo pasingekuwa na tatizo. Zilipokwisha alikwenda mjini akazinunua mwenyewe, bila cheti, kwa sababu aligundua akimeza mbili asubuhi anaweza kupakia lori zima bila mguu kumkumbusha. Mbili zikawa nne. Mpaka tunakutana naye alikuwa anafikisha vidonge kumi na viwili vya miligramu 50 kwa siku, yaani miligramu 600, wakati kikomo cha mtu mzima ni 400.

Alikuwa ameshaanguka mara mbili akitupa mikono na miguu, povu mdomoni. Nyumbani walisema ni mapepo, akapelekwa kuombewa. Tramadoli inapopita kiwango huleta degedege, na hili halijulikani vya kutosha hata kwa baadhi ya wauzaji wa dawa. Mtu akikuambia kijana mzima wa miaka ishirini na kitu ameanza kifafa ghafla, muulize anameza nini.

Duka lililomuuzia sitalitaja, na nisingependa msomaji ayalaumu maduka yote ya dawa muhimu. Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini wapate dawa bora karibu, na umewafaa wengi sana. Kosa ni kuuza dawa ya cheti kama pipi.

Mambo yalivyokwenda

Maumivu yaliporudi, Mama T alianzia kituo cha afya cha karibu. Alichomwa sindano ya maumivu ya diklofenaki asubuhi na jioni kwa karibu wiki tatu, akaongezewa parasetamoli. Alipata unafuu wa saa mbili tatu kila baada ya sindano. Baadaye akaandikiwa tramadoli moja mara tatu kwa siku, za siku tano. Zilipokwisha kituo hakikuwa nazo tena.

Tabibu wa kituo alijua kuna mofini hospitalini. Alijua pia Z ni nani, maana mji mdogo hauna siri. Aliiambia familia kwamba dawa hiyo ni ya kulevya, itamfanya mama awe teja, na kwamba kuipeleka nyumba ile ni kumwekea kijana mtego. Akashauri waendelee na sindano. Simwoni tabibu huyu kama mtu katili. Alikuwa anaogopa kitu cha kweli, alikifahamu kwa macho yake, na hakuna aliyemfundisha afanye nini zaidi ya kukataa.

Sasa ikawa Z ndiye anayemtibu mama yake. Kila jioni alimpa vidonge viwili katika vile alivyonunua. Tulilijua hili kutoka kwa mama mwenyewe alipofika hospitali, amelala nyuma ya pikapu juu ya godoro, Z amemshikilia. Tulipomuuliza anatumia dawa gani alisema, "Mwanangu, hizi za huyu kijana ndizo zinanisogeza. Ananigawia zake." Z aliinama. Hakuna aliyemgombeza, na nadhani kutomgombeza siku ile ndiko kulikofanya aendelee kutuambia ukweli hata ulipokuwa mgumu.

Hospitalini tunapima maumivu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mama T alinyoosha vitano, akasema kama kungekuwa na cha sita angekinyoosha. Hakuwa amelala usiku mzima kwa zaidi ya mwezi.

Vipimo vilituonyesha jambo ambalo lilipaswa kuwashtua wote. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, ilikuwa takribani mara mbili ya kiwango cha kawaida. Ultrasaundi ilionyesha figo ya kushoto imevimba kwa sababu uvimbe umebana mrija wa mkojo, na ile ya kulia, iliyobaki kufanya kazi ya mbili, ilikuwa imepigwa na diklofenaki mfululizo. Dawa aliyochomwa kwa kuwa ni "salama" ndiyo iliyokuwa inamuumiza.

Kikao cha timu na uamuzi wa kwanza

Tulikaa daktari, wauguzi wawili wa tiba shufaa, mfamasia na ofisa ustawi wa jamii. Kuhusu kumpa mofini hospitalini hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya nyumbani.

Wazo la kwanza lilikuwa kumlaza mpaka mwisho wake. Mama mwenyewe alilikataa. Alitaka kufia kwake, na wodi yenyewe ina vitanda vya kuhesabika. La pili lilikuwa kumrudisha kituo cha afya akachomwe pethidini, dawa nyingine ya jamii ya mofini. Mfamasia alilizima mara moja: pethidini haidumu zaidi ya saa tatu hivi, na mabaki yake hurundikana mwilini, hasa figo zikiwa mbovu, mpaka mgonjwa anatetemeka na kupata degedege. Haifai maumivu ya muda mrefu hata kidogo. Wazo la tatu lilikuwa mofini ya maji nyumbani, kwa ulinzi. Ndilo lililopita, na sababu zake zilikuwa hizi.

Kwanza, hofu ya mama kuwa mraibu haikuwa na uzito mbele ya hali yake. Tulipomweleza hofu hiyo kama alivyoambiwa kituoni alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Mimi saratani inanimaliza. Huo uteja nitaufanyia wapi?" Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwili wa kila anayetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea, na ukiikatisha ghafla utalalamika. Hiyo ni kawaida ya dawa na inatatuliwa kwa kupunguza taratibu. Uraibu ni pale mtu anapoifuata dawa hata inapomharibia kazi, nyumba na mwili, na hawezi kuiacha. Z alikuwa huko. Mama yake hakuwa huko na hakuwa na dalili ya kuelekea huko.

Pili, hatari ya Z ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa hatari juu ya chupa. Chupa inaweza kulindwa. Maumivu ya mama hayakuwa na ulinzi mwingine.

Tatu, kuna wajukuu watatu pale nyumbani. Kiasi ambacho mtu mzima aliyezoea anakimudu kinaweza kumsimamisha mtoto pumzi. Kwa hiyo kufuli lingehitajika hata kama Z asingekuwapo. Hili lilimsaidia sana ofisa ustawi kuieleza familia bila kumnyooshea mtu kidole: sanduku linafungwa kwa ajili ya watoto.

Daktari alianza na miligramu 2.5 kila saa sita. Kwa kawaida mofini ya maji hutolewa kila saa nne, lakini figo zikiwa dhaifu mabaki yake hukawia kutoka, hivyo muda hurefushwa. Dawa yetu ni miligramu moja kwa kila mililita moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Diklofenaki ilisimamishwa. Alipewa bisakodili ya choo tangu siku ya kwanza, kwa maana usingizi na kichefuchefu vya mofini huisha ndani ya siku chache, kufunga choo hakuishi. Aliongezewa amitriptilini kidogo usiku kwa ajili ya ule moto wa mguuni, na hapo tulihakikisha haguswi tena na tramadoli ya mwanawe, kwani hizo mbili hazipatani.

Siku ya tatu, akiwa bado wodini, dozi ilipanda hadi miligramu 5 kila saa sita. Asubuhi ya siku ya nne muuguzi wa zamu alimkuta amelala na akaogopa. Akamhesabia pumzi, zikawa za kawaida, akamwita, akaamka na kuomba uji. Alikuwa analipa deni la usingizi la mwezi mzima. Alinyoosha kidole kimoja.

Alirudi nyumbani na chupa ya wiki moja, bomba la sindano lisilo na ncha lililofungwa plasta nyekundu kwenye alama ya 5, daftari la kuandika kila dozi, na sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo alikabidhiwa mke wa Z.

Wiki ya tatu

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Chupa ilipopimwa kila Ijumaa ililingana na daftari.

Kisha ukaguzi ukapita kwenye maduka ya dawa mjini. Tramadoli zikatoweka rafuni kwa siku moja. Kama hatua ya kulinda watu nauunga mkono: dawa ile haikupaswa kuuzwa vile. Lakini hakuna aliyejiuliza wale waliokuwa wanameza kumi kwa siku wataamkaje kesho. Z aliamka na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea. Mafua, miayo, jasho, kuharisha, miguu inayojirusha yenyewe usiku, na juu yake wasiwasi mkali. Tramadoli inagusa vipokezi vilevile vya mofini, lakini pia inaongeza kemikali za ubongo, serotonini na noradrenalini, ndiyo maana anayeikatisha ghafla huumwa mwili na akili kwa pamoja. Usiku wa pili alimwomba mkewe ufunguo. Mkewe alikataa. Alimwomba tena. Baadaye mke alitueleza kwamba hakupigwa, ila alimwona mumewe akilia sakafuni mbele ya watoto, na hakuweza.

Ijumaa chupa ilipungua mililita 60 kuliko daftari.

Muuguzi aliyekwenda hakuuliza nani ameiba. Alisema chupa na daftari haviongei lugha moja, akanyamaza. Z ndiye aliyejibu: "Dada, ni mimi. Mama hajui."

Uamuzi wa pili

Kikao cha jioni ile kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza. Sauti ya kusitisha mofini ilirudi, safari hii ikiwa na ushahidi mkononi. Hoja ilikuwa kwamba hospitali inawajibika kwa kila mililita kwenye rejista ya dawa zinazodhibitiwa, na kwamba tukikaguliwa tutajibu nini.

Jibu la mfamasia lilikuwa la maana na ninalirudia hapa kwa maneno yangu. Rejista inatutaka tujue dawa imekwenda wapi, na sasa tunajua. Tuandike upungufu ulivyo, sababu yake, na hatua tulizochukua. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, ambao ndio mzazi wa sheria za nchi nyingi juu ya dawa hizi, unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizi haziepukiki katika kutuliza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa tiba. Nusu hiyo ya mkataba huwa haisomwi. Dunia imeelemea nusu ya pili, ya kudhibiti, mpaka tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ikakuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini hupata tani 0.1 tu.

Tuliamua mambo mawili kwa wakati mmoja. Mofini ya mama haikusimama hata dozi moja. Chupa ilihamishiwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama mtu mzima anayeishi hatua chache kutoka pale, akiwa na barua ya hospitali inayoeleza dawa ni ya nani na ni kiasi gani. Kila asubuhi alipeleka mabomba manne yaliyokwishajazwa na kufunikwa, kila moja na karatasi yake: asubuhi, mchana, jioni, usiku. La tano lilikuwa la akiba, maumivu yakichomoza katikati.

La pili, Z alifunguliwa faili lake. Hakuitwa mwizi wala teja, aliitwa mgonjwa, na daktari akamwandikia tramadoli. Wapo waliotikisa kichwa kwamba tunampa mlevi pombe. Lakini kuendelea na arosto kulimweka kwenye hatari ya kutafuta chochote, na kumwacha kwenye 600 kulimweka kwenye degedege nyingine. Alishushwa hadi 400 ndani ya siku chache, kisha 50 kila wiki, akipokea dawa kidogokidogo kila Ijumaa, siku ileile chupa ya mama inapopimwa.

Matokeo

Mama T aliishi wiki kumi na moja tangu aanze mofini. Katikati dozi ilipanda hadi miligramu 10 kila saa sita kwa sababu ugonjwa ulisonga. Kreatinini ilishuka kidogo baada ya diklofenaki kuachwa, kisha ikapanda tena mwishoni, daktari akapunguza dozi alipoanza kusinzia sana na misuli kushtuka-shtuka. Alikwenda kanisani mara mbili. Alikaa jikoni akimenya viazi na wajukuu. Alifariki nyumbani kwake, na daftari la siku yake ya mwisho linaonyesha kidole kimoja. Mofini iliyobaki ilirudishwa hospitali, ikapimwa mbele ya familia na kuandikwa.

Chupa haikupungua tena. Z alifika miligramu 150 kabla ya msiba. Wiki mbili baada ya maziko alinunua tena mahali pengine, akapanda hadi 300, akaja mwenyewe kusema. Tumeanza upya kutoka hapo.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ya vyote ni kuulizia dawa za nyumba nzima. Kama tungemuuliza Mama T dawa zake tu, tusingejua kuhusu tramadoli ya Z mpaka chupa ipungue, na yumkini tusingejua anachanganyiwa. Hili sasa limo kwenye fomu yetu ya kufungulia faili: nani mwingine hapa anatumia dawa za maumivu, anazipata wapi?

Kilichofeli katika mpango wa kwanza ni mahali ufunguo ulipowekwa. Kumkabidhi mke kazi ya kumzuia mumewe aliye kwenye arosto ni kumtwisha mzigo usiobebeka. Katika nyumba zetu mwanamke mwenye ufunguo kama ule ana njia mbili tu, ugomvi au kukubali. Mlinzi wa dawa atoke nje ya chumba cha mraibu, na ikiwezekana nje ya nyumba. Mhudumu wa jamii alikuwepo tangu mwanzo, alikuwa tayari, na hakufikiriwa kwa sababu ilionekana dawa nzito haiwezi kukaa mikononi mwake. Uganda imeonyesha muda mrefu kwamba woga huo umezidi kipimo: tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa nje ya timu. Tazama kufuli zilivyokuwa zimepangwa. Mofini, inayotolewa kwa cheti, kwa rejista, kwa kupimwa, ilizuiwa isimfikie mtu anayekufa kwa maumivu. Diklofenaki, iliyokuwa inaua figo zake, haikuulizwa na mtu. Tramadoli, iliyomfanya kijana kuwa mraibu, iliuzwa dirishani. Hofu ya uraibu ilikuwa imewekwa kwenye dawa ambayo katika kisa hiki haikuwa imemfanya yeyote kuwa mraibu. Na ukaguzi ulipokuja kufunga dirisha, ulifunga bila kumfungulia Z mlango wa tiba, naye akaelekea pale palipokuwa na dawa.

Kuhusu tramadoli yenyewe, naelewa wanaotaka ifungiwe kama mofini. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani imeijadili zaidi ya mara moja na haijapendekeza iingizwe kwenye orodha za mikataba ya kimataifa, kwa kuzingatia kwamba katika nchi nyingi ndiyo dawa pekee ya kundi hili inayopatikana. Kituo chetu cha afya ni mfano. Kuiwekea vizingiti kabla vituo havijapata mbadala kutawaacha akina Mama T na diklofenaki tena.

Mtu asikitumie kisa hiki kusema mofini na ndugu zake hazina madhara. Marekani waliambiwa hivyo. Kuanzia mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliinadi OxyContin, dawa yake ya jamii ya mofini, kwa maumivu ya kila aina, ya mgongo, ya magoti, ya miaka mingi, ikipunguza uzito wa hatari ya uraibu, na mwaka 2007 ilikiri mahakamani kosa la kuipotosha jamii. Kisha nchi ile ikageukia upande wa pili, wagonjwa wa muda mrefu wakakatishiwa dawa ghafla, mpaka mwaka 2019 mamlaka yao ya dawa ikatoa onyo kwamba kukatisha ghafla kunaleta maumivu makali, msongo na hata watu kujiua. Hadithi hiyo imefika kwetu nusu. Tumepokea hofu ya dawa kabla hatujapata dawa yenyewe. Funzo lao kwangu linamhusu Z zaidi kuliko mama yake: maumivu ya mfupa uliokwishaunga hayakuhitaji tramadoli ya miaka miwili, na uraibu ukishaingia hautibiwi kwa kufunga duka.

Na hapa ndipo tulipobaki na pengo. Tanzania ina kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na jamii yake. Ya kwanza ilianza Muhimbili mwaka 2011, na Mbeya ipo moja. Lakini methadoni kwa kawaida humezwa kila siku mbele ya mhudumu, na kliniki hizo zilijengwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Mpakiaji magogo wa Iringa anayeshinda msituni hawezi kufika Mbeya kila asubuhi, na hospitali za wilaya hazina mpango wa mtu aliyeingia kwenye uraibu kupitia dawa ya hospitali. Kwa sasa Z anapokea vidonge vyake vya siku saba kila Ijumaa, na muuguzi humwandika kwenye rejista ya tiba shufaa, mstari ulio chini ya wagonjwa wa saratani, kwa kuwa hakuna rejista nyingine ya kumwandika.